Simu Mpya Haizijui Nyimbo za Nyumbani

Kwenye vibanda vya mafundi simu, iwe Kasulu mjini au Kibondo, anayebadilisha simu huuliza swali lile lile: nyimbo zangu zitarudi? Majina ya watu hurudi, picha hurudi, ujumbe mfupi hurudi, lakini muziki mara nyingi hubaki nyuma. Jibu analopewa ni jepesi: nyimbo si tatizo, zimejaa mtandaoni, utazipakua upya. Jibu hilo lina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye thamani kubwa. Ndani ya simu ya mtu wa nyanda za juu za Kigoma hukaa pamoja nyimbo za aina mbili. Zipo za sokoni, zilizorekodiwa studio, zikatolewa rasmi, na leo zina nakala zisizohesabika kila pembe ya dunia. Zipo pia za nyumbani: kwaya ya kigango siku ya mavuno, ngoma ya harusi ya binamu, bibi akiimba kwa Kiha huku akipepeta maharage. Hizi za pili hazikupita studio, hazina lebo, na pengine nakala yake duniani ni moja tu. Hoja yangu ni kwamba kazi ya kurejesha nyimbo baada ya kubadilisha simu ianze na hizo zenye nakala moja, kwa sababu njia karibu zote tulizopewa, za simu na za mtandao, zimetengenezwa kuokoa zile nyingine.

Tuziweke aina hizo mbili bega kwa bega. "Leka Dutigite" ni wimbo wa mwaka 2012 uliowakutanisha wasanii wenye asili ya Kigoma, wakiwemo Diamond Platnumz, Mwasiti na Linex. Jina lake ni la Kiha, lakini maisha yake ni ya sokoni: aliyeupoteza leo anaandika maneno mawili tu na kuupata ndani ya dakika moja, akiwa Kibondo au akiwa Muscat. Sasa tazama rekodi ya mazoezi ya kwaya. Kasulu ni makao ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa Anglikana, na ukiongeza Wakatoliki, Wapentekoste na Waadventista wa mkoa mzima, ni vigumu kukikuta kijiji kisicho na kwaya. Mwalimu wa kwaya akifundisha wimbo mpya, waimbaji huweka simu juu ya benchi na kurekodi sauti yao, besi peke yake, tenor peke yake, ili kila mmoja akajifunze nyumbani. Rekodi ya namna hiyo ndiyo daftari la muziki kwa watu wasiotumia nota zilizoandikwa. Mwalimu akihamia parokia nyingine na simu zikabadilishwa, wimbo ule huanza kupungua sauti moja moja, hadi kinachobaki ni kiitikio. Hakuna mtandao wa kuupakua kutoka kwake, kwa sababu haujawahi kuwekwa kwenye mtandao wowote.

Kwa nini simu mpya haizirudishi? Sababu iko katika namna nakala ya akiba inavyofanya kazi. Simu za Android, ambazo ndizo zimejaa mikononi mwetu, huhifadhi nakala kwenye akaunti ya Google. Nakala hiyo hubeba orodha ya programu, majina ya watu, ujumbe mfupi, kumbukumbu za simu zilizopigwa na mipangilio. Picha na video zina mlango wao, programu ya Google Photos, mwenye simu akiwa ameiruhusu. Faili la sauti lililokaa kwenye folda ya muziki au ya kinasa sauti halina mlango wowote kati ya hiyo. Waliobuni mfumo walichukulia kwamba muziki ni kitu cha kununua au kukodi, kwa hiyo mwenye simu akishaingia kwenye akaunti yake ya muziki, vyote vitamrudia. Dhana hiyo inamfaa mtu wa mji ambaye muziki wake wote unatoka kwenye huduma za kulipia. Haimfai mtu ambaye sehemu ya muziki wake ameirekodi mwenyewe. Ndiyo maana mtu huona alama inayomwambia kuwa nakala ya akiba imekamilika, akaifuta simu ya zamani kwa moyo mweupe, kisha akagundua kuwa sauti ya baba yake haikuwemo katika kilichokamilika.

Ipo njia inayobeba zaidi, nayo ni kuhamisha moja kwa moja kutoka simu hadi simu kwa waya au kwa Wi-Fi, simu zote mbili zikiwa hai mezani. Kwa simu nyingi za sasa njia hiyo huweza kubeba hata mafaili ya muziki. Lakini ina masharti mawili ambayo maisha hayayatimizi kila mara. Kwanza, simu ya zamani iwe inawaka, ilhali wengi hubadilisha kwa sababu kioo kimepasuka, betri imevimba au simu imeibiwa. Pili, iwe bado mikononi mwa mwenyewe, ilhali biashara iliyozoeleka ni kuiacha dukani na kuongeza hela kidogo ili upewe nyingine. Anayetoka kwenye kitochi kwenda simu janja hana hata njia hiyo, maana kitochi hakina akaunti. Na wapo wenye akaunti waliyofunguliwa na muuzaji siku ya kununua simu, nywila wakaiacha pale pale dukani. Kwao nakala ya akiba ipo, ila ufunguo haupo. Kama namba ya simu iliandikishwa kwenye akaunti hiyo, njia ya kuipata upya huanzia kwenye kurudisha laini, jambo linalowezekana kwa kuwa laini zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Kwa hiyo laini ile ya zamani usiitupe kwa sababu tu mtandao mwingine una bando nafuu.

Wengi watasema: mimi nyimbo zangu ziko kwenye memori kadi, nikibadilisha simu naichomoa na kuichomeka kwingine. Ni kweli kwamba memori kadi imekuwa maktaba kuu ya muziki katika wilaya hizi. Kabla Kasulu na Kibondo hazijaunganishwa na gridi ya taifa, umeme ulikuwa wa mashine za dizeli mjini na wa sola vijijini, na intaneti ilikuwa ghali na ya kusuasua. Kadi ilihitaji tu redio ndogo yenye tundu lake, au sabufa, na muziki ukalia bila bando. Lakini ina mitego. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, baadhi ya simu humwuliza mwenye kadi kama anataka kuifanya iwe sehemu ya hifadhi ya ndani. Akikubali, kadi hufomatiwa na kufungwa kwa ufunguo unaokaa ndani ya simu ile peke yake. Simu ikifa, kadi nzima haisomeki popote, hata kama ni nzima kabisa. Mtego mwingine ni kadi bandia: imeandikwa GB 64 wakati uwezo wake halisi ni mdogo mara kadhaa, na ikishajaa huendelea kupokea nyimbo huku ikiziandika juu ya zile za kwanza. Majina yote yanaonekana kwenye orodha, lakini ukibonyeza hakuna sauti. Mtego wa tatu ni kwamba baadhi ya simu mpya hazina tundu la kadi. Na hata ikiwa kadi ni nzima, halisi na inasomeka, bado ni kitu cha milimita 15 kwa 11 na unene wa milimita moja. Kitu kidogo namna hiyo kikibeba nakala pekee ya jambo lolote, huwezi kusema jambo hilo limehifadhiwa.

Zipo pia nyimbo zinazodhaniwa kuwa ndani ya simu kumbe ni za kupanga. Boomplay ilianza mwaka 2015 ikija tayari ndani ya simu za Tecno, na Spotify ilifika Tanzania Februari 2021. Wimbo unaoupakua ndani ya programu kama hizo huhifadhiwa katika umbo ambalo programu yenyewe ndiyo inayoweza kulifungua. Ukilinakili faili lile kwenye kadi halitalia mahali pengine. Huo si wizi wala hila, ndiyo masharti ya kukodi. Hizo huna haja ya kuzihangaikia siku ya kubadilisha simu: ingia kwa akaunti yako, orodha yako itarudi, kisha zipakue upya ukiwa na bando. Kwa WhatsApp mambo hubadilika. Rekodi uliyotumiwa hukaa kwenye folda ya WhatsApp ndani ya simu yako. Kampuni haiweki maktaba ya kudumu ya mafaili yaliyokwisha kukufikia. Ukiwa umewasha nakala ya akiba ya Google, sauti hizo huenda pamoja na mazungumzo. Usipoiwasha, simu mpya hukuonyesha mahali rekodi ilipokuwa, ukibonyeza unaambiwa faili halipo. Hapo kinachobaki ni kumwomba aliyekutumia akutumie tena, kama yeye naye hajafuta.

Tusogee karibu tuone faili moja lilivyo. Linaitwa AUD-20190714-WA0003. Herufi tatu za mwanzo zinasema ni sauti, tarakimu nane zinasema lilikaa kwenye simu tarehe 14 Julai 2019, na sehemu ya mwisho inasema ni faili la sauti lililoingia siku hiyo kupitia WhatsApp, na namba yake katika mfululizo. Jina hilo halisemi nani anaimba, kwa lugha gani, katika kijiji gani, wala kwa ajili ya nini. Jirani yake anaitwa Voice 007, na mwenzake hana zaidi ya tarehe na saa. Wimbo wa studio hubeba utambulisho wake ndani ya faili, sehemu ndogo iliyoandikwa jina la wimbo, msanii na albamu, kwa hiyo hata faili likibadilishwa jina, simu bado huonyesha ni wimbo wa nani. Rekodi ya nyumbani haina kitambulisho hicho mpaka mtu aiandikie. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa msemo huo unatimia neno kwa neno. Mtu anayepunguza mzigo wa simu hufuta kwanza asichokitambua, na majina ya namna hii hayatambuliki hata na aliyerekodi, ikipita miaka miwili. Kwa hiyo kubadilisha jina la faili ni nusu ya kazi ya uokoaji. Andika kijiji, mwaka, mwimbaji au kwaya, na tukio. Faili likishaitwa "Kwaya ya kigango, Pasaka 2019, besi", atakayelikuta miaka kumi baadaye atasita kabla ya kulifuta.

Sasa tupime uzito, maana wengi huogopa kazi hii wakidhani ni mzigo mkubwa. Wimbo wa MP3 wa kiwango cha kawaida, kilobiti 128 kwa sekunde, hula karibu megabaiti moja kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni kama megabaiti nne, na nyimbo elfu mbili hujaza kadi ya GB 8. Rekodi za vinasa sauti vya simu za zamani, zile zenye kiambishi cha AMR, zilibuniwa kwa ajili ya mazungumzo, kwa hiyo hubana sauti sana: dakika moja haifiki kilobaiti 100, na saa nzima haifiki megabaiti sita. Saa kumi za kwaya, harusi na mazungumzo ya wazee zilizorekodiwa hivyo hazifiki megabaiti 60, yaani uzito wa nyimbo 15 za kawaida. Kubana huko kuna gharama yake, sauti hutoka kama ya mtu anayeongea kwenye simu, ngoma nzito na filimbi kali vikipungua. Kuigeuza rekodi hiyo kuwa MP3 hakutaiongezea ubora iliokosa tangu mwanzo. Faida yake ni kuiwezesha kulia kwenye simu na redio zisizofahamu AMR. Kwa hiyo itunze ile ya asili, na ya MP3 iwe ya kusikilizia. Lakini ona hesabu inavyotuelekeza: kitu kisichopatikana kwingine ndicho chepesi kuliko vyote kukibeba. Nafasi ya bure ya Google, gigabaiti 15, ingemeza rekodi za nyumbani za familia nzima na kubaki karibu tupu, na bando la kupandishia saa moja ya AMR halizidi la kutuma picha chache.

Kutokana na hayo, utaratibu unajipanga wenyewe. Kabla ya kuiuza, kuiflashi au kuifuta simu ya zamani, fungua programu ya mafaili na utafute folda tatu: ya kinasa sauti, ya WhatsApp upande wa sauti, na ya vitu vilivyopokelewa kwa bluetooth. Hapo ndipo nyimbo za nyumbani hujificha, mara chache utazikuta kwenye folda iliyoandikwa muziki. Zipe majina. Weka nakala moja kwenye simu mpya, ya pili kwenye kadi au flashi inayokaa nyumbani bila kutumika kila siku, ya tatu kwa mtu mwingine au kwenye akaunti ya mtandaoni. Baada ya hapo ndipo ushughulikie za sokoni. Kama simu imeharibika, usikate tamaa mapema. Katikati ya Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozima simu bandia nchi nzima, kilichozimwa kilikuwa mawasiliano tu. Hifadhi ya ndani na kicheza muziki viliendelea kufanya kazi. Simu isiyopiga bado ni ghala. Na kama kadi imefomatiwa kwa bahati mbaya, iondoe saa hiyo hiyo, usiingize hata wimbo mmoja. Kufomati kwa kawaida hufuta orodha, huku data zenyewe zikibaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Fundi mwenye kompyuta na programu ya bure kama PhotoRec anaweza kuokota mafaili mengi, ingawa hurudi bila majina. Hifadhi ya ndani ya simu za sasa ni habari nyingine: imefungwa kwa ufunguo, na simu ikishafutwa yote ufunguo nao hufutwa. Asikudanganye mtu kwamba atazirudisha kutoka humo.

Yapo mapingamizi yanayostahili jibu. La kwanza ni la mtu anayesema zama za kuhifadhi zimepita, kila kitu sasa kinasikilizwa mtandaoni. Kwa nyimbo za sokoni ana haki kwa sehemu kubwa, ingawa huduma hizo nazo hufungwa. Google Play Music, iliyomruhusu mtu kupandisha nyimbo zake mwenyewe hadi 50,000, ilizimwa mwishoni mwa 2020, na wateja walipewa muda wa kuhamisha vitu vyao, asiyehamisha alipoteza. Kwa nyimbo za nyumbani pingamizi hilo halina pa kusimama, maana mtandao hurudisha kilichowekwa humo tu. Kiha kinasemwa na watu wengi kuanzia Kakonko hadi Buhigwe, kinaelewana na Kirundi, na nyimbo za Burundi huvuka mpaka na kuimbwa huku kama za nyumbani. Lakini ukiutafuta kwenye majukwaa hayo wimbo ulioimbwa kwa Kiha kwenye sherehe ya kijijini, utakazozipata ni chache mno ukilinganisha na zilizomo kwenye simu za watu wa Kasulu peke yake. Tukiacha kila kitu kwa mtandao, tutakuwa tumekubali kwamba kisichouzika kisikumbukwe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo hutoka kwa wazee wenyewe. Wimbo wa ngoma, wanasema, haukuwahi kuhifadhiwa kwenye chombo. Ulikaa vinywani, kila kizazi kikauimba kwa namna yake, na uliochakaa ukapisha mpya. Kwa nini leo tugeuke watunza makopo ya sauti? Nakubali kwamba rekodi haiwezi kuchukua nafasi ya kuimba, na kijiji chenye rekodi elfu kisichoimba kimepoteza zaidi ya kijiji kinachoimba bila rekodi. Lakini mnyororo ule wa vinywa ulitegemea watu kukaa pamoja, na watu wa huku wamekuwa safarini kwa vizazi vingi. Enzi za ukoloni Buha, yaani nchi ya Waha, iligeuzwa ghala la vibarua, vijana wakapelekwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Leo huenda Dar es Salaam, Mwanza na kwingineko kutafuta maisha. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 wilayani Kasulu kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, imelea watoto waliozaliwa na kukua humo, kisha familia zao zikapelekwa Marekani na nchi nyingine. Mtabila, nayo ya Kasulu, ilifungwa 2012 na wengi wa Warundi waliokuwamo wakarudishwa Burundi. Mjukuu aliye mbali hivyo hakai jikoni kwa bibi jioni. Kwake rekodi ni kipande cha mnyororo ambacho umbali umekikata.

Historia ya muziki wa nchi yetu inatoa ushahidi ule ule kwa kipimo kikubwa. Kwa miongo kadhaa baada ya uhuru, bendi za dansi zilirekodi nyimbo zao katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda kuu zikabaki kwenye rafu za redio hiyo. Nyimbo tunazozijua leo kutoka enzi hizo tunazijua kwa sehemu kubwa kwa sababu kanda hizo zilitunzwa, au kwa sababu wasikilizaji walizirekodi kwenye kaseti zao na kuzigawa. Kabla ya hapo, mwaka 1950, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mashine zake akirekodi ngoma na nyimbo za makabila mbalimbali. Rekodi zake zikaja kuwa sehemu ya maktaba aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954, na kwa miaka mingi mtafiti wa Kitanzania alilazimika kuelekea huko kusikia sauti za babu zake. Tofauti ya sasa ni kwamba mashine ya kurekodi imo mfukoni mwa kila mtu. Tumepewa uwezo aliokuwa nao Tracey peke yake na lori lake, ila hatujapewa rafu. Rafu ni lazima tujiundie.

Pingamizi la tatu linahusu haki. Je, kuhimiza watu kunakili nyimbo si kuhalalisha vibanda vinavyojaza nyimbo za wasanii kwenye memori kadi kwa malipo, wenyewe wasipate kitu? Swali hili lisikwepwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda msanii, na anayeuza kazi ya mtu bila idhini anamnyima riziki yake. Utaratibu ninaoupendekeza unapunguza wizi huo: nyimbo za sokoni zirudi kwa njia halali, kwenye huduma zinazomlipa msanii, hata zile za bure zinazoendeshwa kwa matangazo. Za kunakiliwa na kugawanywa ni zile ambazo wenyewe ni sisi, kwaya yetu na wazee wetu. Hata hizo zina adabu yake. Wimbo wa msibani au wa unyago haufai kurushwa kwenye kila kundi la WhatsApp. Mwulize aliyeimba. Akisema ubaki kwa ndugu, nakala tatu za ndugu zinatosha kuuokoa bila kuuanika.

Hapo tunafika kwenye jambo linaloweza kubadilisha hali hata kwa mtu aliyekwisha kupoteza kila kitu. Aliyebadilisha simu na kukuta rekodi zake hazipo asianzie kwa fundi, aanzie kwa watu. Rekodi ya harusi ilirushwa kwa bluetooth kwa vijana wawili waliokuwa karibu. Wimbo wa kwaya ulitumwa kwenye kundi la wanakwaya. Sauti ya bibi ilitumwa kwa shangazi aliyeko Mwanza. Kila aliyepokea ni rafu, mpaka siku naye atakapobadilisha simu. Kwa hiyo muda ni mfupi: uliza wiki hii, kwa majina, mtu mmoja mmoja, ukitaja tukio na mwaka. Swali la "nani ana nyimbo?" likitupwa kwenye kundi halimgusi yeyote. "Shangazi, ile sauti ya bibi ya mwaka 2019 bado unayo?" litamfanya avae miwani na kuanza kutafuta.

Na kwa wanakwaya, jambo hili lina utatuzi ambao hauhitaji mradi wala mfadhili. Kwaya nyingi zina mwenyekiti, katibu na mtunza hazina. Mtunza hazina hushika daftari la michango, na hakuna anayekubali daftari hilo liwe moja tu lisilojulikana lilipo. Akabidhiwe pia kadi mbili halisi, moja ikae kwake na nyingine kwa katibu, na kila mwanakwaya anayebadilisha simu apitie kwake kwanza, aache rekodi alizonazo kabla ya kuipeleka simu ya zamani dukani. Kazi hiyo haizidi nusu saa. Mwalimu akihama, sauti zote nne za wimbo wake zitabaki pale pale kigangoni, na besi mpya atakayejiunga mwakani atakuwa na pa kujifunzia.